St. Clair Alitangulia, Walker Akauza: Ndege ya Kamba Inatufunza Nini Sisi wa Nakuru?

Wadau, kuna swali moja ambalo sisi Wakenya tunalipenda kuliko chai: nani alianza? Nani alianza kuuza smoki na kachumbari stejini, nani alianza mtindo fulani wa kuimba, nani aliiba wazo la nani. Mtu akitengeneza kitu mtaani, kabla hata hatujauliza kama kinafanya kazi, mmoja wetu ashasema, "Hiyo ilikuwa kitambo, si wewe ulianza." Na hapo stori inaishia.

Leo nataka tulipime hilo swali kwa historia ya kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona: ndege ndogo ya kuchezea yenye injini, inayorushwa ikiwa imefungwa kamba. Inazunguka, wewe uko katikati na kishikio mkononi, unaiambia panda, inapanda, unaiambia shuka, inashuka. Hakuna rimoti, hakuna betri, hakuna skrini. Kabla drone kuja kujaza harusi zetu, hii ndiyo iliyokuwa njia ya kijana wa kawaida kuwa rubani. Nyuma yake kuna kesi kortini, mtu aliyepata pesa, mtu aliyesahaulika, na fundisho linalotuhusu moja kwa moja hapa Fifty-Eight.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu bila kukielewa kesi haitaeleweka.

Kama ulikulia hapa, unalijua gari la waya. Si lile la dukani, lile la kujitengenezea: waya wa kuokota, magurudumu ya vifuniko au ya kukata kwa malapa yaliyochakaa, halafu ule mti mrefu unaotoka kwenye magurudumu ya mbele hadi kifuani kwako, na usukani wa duara juu yake. Unakimbia nyuma ya gari, unazungusha usukani, magurudumu yanakata kona. Ukilifikiria vizuri, gari la waya ni somo kamili la uhandisi: namna ya kupeleka amri kutoka mkononi hadi kwenye kitu kilicho mbali nawe bila umeme wowote.

Ndege ya kamba ni ndugu ya gari la waya, ila mti mmoja umegeuka nyaya mbili nyembamba. Ndani ya ndege, karibu na katikati ya bawa, kuna kipande kidogo cha chuma chenye pembe tatu, kimeshikwa na skrubu ili kiweze kuzunguka. Pembe mbili zimefungwa zile nyaya, ambazo hutokea kwenye ncha ya bawa la upande wako. Pembe ya tatu imeshika fimbo inayokwenda hadi mkiani, kwenye kile kibao kinachoinua au kuinamisha pua ya ndege. Ukilaza kishikio nyuma, waya wa juu unavutwa, kipande cha pembe tatu kinazunguka kidogo, fimbo inasogea, kibao kinainuka, ndege inapanda. Ukilaza kishikio mbele, inashuka. Basi. Wamarekani wanakiita kile kipande belikranki, na ndicho kilichokuja kupiganiwa kortini.

Sasa swali la mtu makini ni hili: kwa nini nyaya zisilegee? Hapo ndipo mzunguko unapofanya kazi. Tuchukue ndege ya nusu kilo, nyaya za mita 15, na kasi ya kilomita 90 kwa saa. Piga hesabu ya kidato cha pili: uzito mara kasi mara kasi, gawa kwa urefu wa waya. Utapata mkono wako unavutwa kana kwamba umening'iniza kitu cha kilo mbili hivi, mara nne ya uzito wa ndege yenyewe. Mvuto huo ndio unaokaza nyaya. Mzunguko mmoja ni kama mita 94, na ndege inaumaliza kwa chini ya sekunde nne. Kizunguzungu cha mwanzo ni lazima. Ili kuongeza usalama, watengenezaji huweka kijiuzito kidogo kwenye bawa la nje na kuielekeza injini nje kidogo, ndege iwe kila wakati inataka kukukimbia. Siku nyaya zikilegea, huna ndege tena, una jiwe lenye injini.

Na kwa sisi wa huku juu kuna jambo la ziada. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 17. Maana yake injini inavuta hewa kidogo zaidi, propela inashika hewa kidogo zaidi, na bawa linabebwa kidogo zaidi. Ndege iliyopimwa ufukweni itaonekana mvivu ukiileta hapa chini ya Menengai. Anayejenga huku lazima ajengee huku: iwe nyepesi zaidi, bawa pana zaidi. Ukikopi plani ya mtu wa pwani bila kufikiria, utalaumu injini bure.

Turudi kwenye historia.

Miaka ya 1930 dunia nzima ilikuwa na wazimu wa ndege, na sisi hatukuwa nje ya huo wazimu. Nairobi, Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na ndiye Uwanja wa Wilson unaobeba jina lake hadi leo. Beryl Markham, aliyekulia shambani kwa baba yake hapo Njoro, mwendo mfupi tu kutoka hapa, mwezi Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, akielekea magharibi, upepo ukimpiga usoni. Lakini tuseme ukweli: anga ilikuwa ya wenye mali. Mtoto wa Mwafrika wa Njoro wakati ule angeitazama ndege ikipita juu ya shamba alilofanyia kazi baba yake, na ndiyo ilikuwa mwisho wa safari yake ya angani.

Marekani nako, pamoja na umaskini mkubwa wa miaka ile, vijana walikuwa wakijenga ndege ndogo za mbao nyepesi za balsa na karatasi. Injini ndogo za petroli zilipoanza kupatikana, shida ikawa moja: ukiiachia, inakwenda. Unaiweka mafuta, unaiachia, unaomba Mungu, halafu unaikimbilia mashambani. Wengine waliifunga kwenye nguzo izunguke, lakini hapo wewe ni mtazamaji tu, kama anayeangalia punda akizungusha kinu. Walichotaka watu ni kuiendesha.

Hapo anaingia Oba St. Clair, mtu wa jimbo la Oregon. Katikati ya miaka ya 1930, karibu na mji wa Gresham, alirusha ndege kubwa aliyoiita Miss Shirley, akiiongoza kutoka chini kwa nyuzi. Mfumo wake haukuwa mrembo. Ulikuwa dude kubwa linalofanana na antena ya televisheni ya zamani, limefungwa nyuzi kadhaa za kuvulia samaki. Lakini ulifanya kazi. Mtu alisimama chini, akaiambia ndege ipande, ikapanda. Watu waliona. Shikilia hilo neno: waliona.

Huko Texas, katika mji mdogo wa Schulenburg, ndugu wawili, Victor na Joe Stanzel, nao walikuwa wakilitafuna tatizo lilelile. Njia yao ilitumia kamba moja iliyofungwa kwenye fimbo kama ya kuvulia, na wakaiuza kwa jina la G-Line. Kwa hiyo kufikia mwisho wa muongo ule, wazo lilikuwa hewani. Lilikuwa linatafutwa na watu zaidi ya mmoja, katika miji tofauti.

Ndipo anakuja yule ambaye jina lake ndilo maarufu zaidi: Nevilles E. Walker, aliyejulikana kwa wote kama Jim Walker. Yeye alikuwa Portland, mji mkubwa wa Oregon, na Gresham iko pembeni yake tu, kama Lanet kwetu. Msikimbilie kuhukumu: ukaribu si ushahidi wa wizi. Walker alikuwa tayari na kampuni yake, American Junior Aircraft, iliyokuwa ikiuza ndege za watoto. Alikuja na mfumo safi wa nyaya mbili na kile kipande cha pembe tatu ndani ya ndege, akaupa jina la kibiashara la U-Control, yaani "wewe ndiye unayeongoza". Ndege yake ya kwanza kuvuma katika mfumo huo iliitwa Fireball, na mwaka 1942 akapewa hataza, ile haki ya kisheria tunayoiita patenti.

Ukilinganisha dude la St. Clair na mfumo wa Walker, utaelewa kwa nini Walker alishinda sokoni. Mfumo wa St. Clair ungetaka fundi mwenye subira. Wa Walker ulitaka mtoto mwenye kisanduku, gundi na wikendi moja. Nyaya mbili, kipande kimoja, fimbo moja. Ukiharibika, unaona ulipoharibika. Hadi leo, ndege nyingi za kamba duniani zinatumia mpangilio huohuo.

Lakini Walker hakuwa mtu wa karakana tu. Huyu jamaa, kwa lugha ya leo, alikuwa mtengeneza maudhui kabla ya maudhui kuwepo. Alizunguka kwenye maonyesho na kurusha ndege tatu kwa wakati mmoja: moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto, na ya tatu imefungwa kichwani, anaiongoza kwa kutikisa kichwa kama anayekubali mahari. Fikiria umati. Kila mtoto aliyeona alirudi nyumbani akimsumbua baba yake. Alitengeneza pia kijindege kisicho na injini chenye mabawa yanayojikunja: unakivuta kwa mpira kama manati, kinapanda kama mshale, kikifika juu mabawa yanafunguka chenyewe, kinateleza kurudi chini. Wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani lilitumia vijindege hivyo kufundishia wapiga bunduki za kutungua ndege. Baada ya vita alijenga hata mashine ya kukata nyasi inayoongozwa kwa redio. Akili yake haikulala.

Na sasa kesi. Huko Santa Ana, California, kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Leroy Cox, aliyeanza na bunduki za kuchezea kwenye gereji mwaka 1945, akaingia kwenye vigari vya mbio, halafu injini ndogo na ndege. Mwaka 1953 alitoa ndege ya kamba iliyokamilika: unaitoa kwenye sanduku, unaweka mafuta, unarusha. Walker akasema hiyo ni kazi yangu, nina hataza, nilipe. Cox angeweza kulipa. Badala yake mawakili wake wakafanya kile mawakili wazuri hufanya: wakaenda kutafuta aliyetangulia. Wakampata Oba St. Clair.

Kanuni ya hataza ni rahisi kuisema: serikali inakupa haki ya peke yako kwa kitu ambacho ni kipya. Kama kitu hicho kilishaonekana hadharani kabla yako, hakuna cha kukupa. Haijalishi kama ulikijua au hukukijua. Haijalishi kama chako ni kizuri zaidi machoni pa mtoto. St. Clair alikuwa amerusha ndege yenye kuongozwa kwa nyuzi, hadharani, miaka kadhaa kabla ya Walker kupeleka karatasi zake. Mwaka 1955 hataza ya Walker ikaangushwa. Miaka mitatu baadaye, 1958, Walker akafariki.

Mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Injini ndogo za Cox zenye ujazo wa .049, yaani kama sentimita za ujazo 0.8 tu, zikaenea dunia nzima. Mchezo ukakua hadi ukawa na mashindano ya kimataifa chini ya shirikisho la michezo ya anga, FAI: kuna ya kasi, kuna ya sarakasi, kuna ya mbio za timu, na kuna ile ninayoipenda mimi, ya vita, ambapo kila ndege inavuta utepe wa karatasi na unajaribu kuukata wa mwenzako kwa propela. Marubani wawili, duara moja, nyaya nne. Ni vurugu yenye sheria.

Basi nirudi kwenye swali letu. Nani alianza?

Ukiuliza korti, ni St. Clair. Ukiuliza maelfu ya wazee Wamarekani waliorusha ndege yao ya kwanza wakiwa na miaka kumi, watakwambia Jim Walker. Ukiuliza mwenye duka, atakwambia Cox. Na wote watatu wanasema kweli, kwa sababu wanajibu maswali matatu tofauti: nani alionyesha kwamba inawezekana, nani alifanya iwe rahisi, nani aliifikisha kila nyumba.

Sisi huku tunaheshimu jibu la kwanza tu, na hata hilo tunalitumia kumvunja mtu moyo badala ya kumsifu. Angalia jiko lako la makaa, lile la bati nje na udongo ndani, lililobana kiunoni. Mzizi wa wazo lake ulikuwa jiko la ndoo la Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wakenya, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walilibadilisha likae na sufuria zetu, sima yetu na makaa yetu, halafu mafundi wa jua kali wakalijua, wakaligonga kwa nyundo hadi likafika kila soko. Leo nani anasimama sokoni Nakuru akimwambia mama muuzaji, "Hilo si lenu, ni la Thailand"? Hakuna, kwa sababu linapika na linaokoa makaa.

Halafu angalia upande wa pili. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi wakajifunga kibwebwe, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa Kasarani mbele ya taifa. Gari lilitembea. Lililokosekana ni kila kitu baada ya kutembea: kiwanda, pesa, duka, vipuri, mnunuzi. Tulikuwa na St. Clair wetu, tena wa kulipwa mshahara. Walker hatukumpata. Kwa hiyo mtu akiniambia kuuza na kutangaza si uvumbuzi, ni kelele tu, namuuliza: Nyayo liko wapi?

Sasa hili linanihusu mimi binafsi, na ndiyo maana nimeandika. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na sitataja chuo. Tangu hapo kazi yangu ni kuposti vitu mnavyotengeneza. Kila wiki mtu ananitumia video: mashine ya kupukuchua mahindi kutoka Bahati, pampu ya baiskeli kutoka Rongai, taa ya kuku kutoka Njoro. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu hapa mtaani alinionyesha ndege aliyoijenga kwa boksi jeupe la plastiki linalokuja na televisheni, mota mbili za drone iliyokufa, na nyaya nyembamba za umeme wa simu za zamani. Alikuwa amefika kwenye kamba kwa njia yake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hela ya rimoti. Alikuwa ameweka kikona cha chuma ndani ya bawa, amekikata kwa mkebe wa rangi. Hakuwahi kusikia jina la Walker.

Nikamwambia, "Boss yangu, hii tuiposti."

Akasema, "Bro, hapana. Wataiba. Na wasipoiba watasema nimekopi."

Hiyo sentensi ilinikaa. Mtoto wa miaka kumi na saba ashajifunza kwamba akionyesha kazi yake kuna njia mbili tu: kuibiwa au kudharauliwa. Hakujifunza hivyo kwenye kitabu. Alijifunza kwetu.

Kwa hiyo nilimwambia ninachowaambia nyinyi sasa, na mimi si wakili, fungueni macho mthibitishe wenyewe. Kenya ya zamani haikuwa na njia kwa mtu kama yeye. Kabla ya sheria iliyoanza kufanya kazi mwaka 1990, hungeweza kupata hataza Kenya bila kwanza kuipata Uingereza, ndipo uje uisajili hapa. Fikiria fundi wa Shabab mwaka 1970 akiambiwa aende London kwanza. Leo kuna Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 na taasisi ya KIPI. Hataza inakaa miaka 20. Kwa uvumbuzi mdogo wa matumizi, ule wa kuboresha kifaa kilichopo, kuna cheti chepesi zaidi cha miaka 10.

Na hapa ndipo kesi ya Walker inakuwa kisu chenye makali mawili kwa watu wa kamera kama mimi. Nikiposti kifaa chako, nimekuwa yule umati wa Gresham. Nimeona, na dunia imeona. Faida yake: kampuni kubwa haiwezi kesho kukichukua na kudai ni kipya, maana posti ina tarehe, na tarehe ndiyo iliyomwangusha Walker. Hasara yake: na wewe mwenyewe unaweza kukosa hataza, kwa sababu si kipya tena. Sheria yetu inakupa nafasi ya miezi 12 tangu ulipokionyesha mwenyewe hadi upeleke maombi. Ulaya hawana huruma hiyo. Ukionyesha leo, kesho kule umekosa.

Kwa hiyo kuanzia sasa nina utaratibu, na nimeuanza na huyo kijana. Kabla sijaposti chochote nitakuuliza unataka nini. Unataka kulinda na kuuza? Basi tusiposti kwanza, nenda KIPI, ukirudi tutapiga kelele. Unataka kitumike na kila mtu, kama jiko? Basi tuposti leo, na jina lako na tarehe viandikwe kubwa, ili atakayekuja kukifungia asiweze. Hujui unataka nini? Chora, piga picha, andika tarehe kwenye daftari, onyesha mtu mmoja mzima unayemwamini, halafu fikiria. St. Clair hakuwa na hataza, lakini alikuwa na ndege na watu walioiona. Hiyo ilitosha kubadilisha historia. Wangapi wetu tuna hata hilo?

Kijana alichagua tuposti. Aliniambia ndege kama hizo tayari zimejaa duniani, yeye anachotaka ni watoto wa Nakuru wajue inawezekana kwa boksi la televisheni. Sikumwambia nitasema nini. Nilimuuliza tu anirushie moja kwa kamera. Ilizunguka mara sita, ikagusa nyasi, kikona cha mkebe kikakunjika. Tukakinyoosha kwa jiwe.

Video iko kwenye ukurasa wangu kuanzia leo jioni. Wapo watakaokuja kusema, "Hiyo ilikuwa kitambo, Marekani, 1936." Ni kweli, na sasa mnajua hata majina. Lakini kabla hujaandika, jibu kwanza mambo mawili: umewahi kujenga nini kinachoruka, na nani katika mtaa wako amejenga kitu ambacho hujawahi kukitazama hadi mwisho?

Oregon walikuwa na wawili, mmoja wa kuonyesha na mmoja wa kusambaza, na wakaishia kortini. Sisi tuna nafasi ya kuwa na wote wawili na wakaishia kugawana pesa. Waoneshaji tunao kila mtaa, kuanzia Free Area hadi Kaptembwo. Kilichobaki ni sisi wengine kuacha kuwa mahakimu na kuwa mashahidi.